Sikio Lisilowaka

Nililiona saa mbili na robo asubuhi, kwenye yai la kumi na tisa, na jambo la kwanza nililofanya ni kujidanganya. Nilijiambia nimesahau kutia rangi. Nikadondosha tone jingine, nikangoja dakika tano nikiitazama saa ya ukutani, kisha nikarudisha jicho kwenye darubini.

Kijusi cha kuku cha siku sita si kikubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Moyo ulikuwa unadunda vizuri. Jicho lilikuwa pale, jeusi, kubwa kuliko mwili wenyewe. Nyuma ya jicho, pale sikio la ndani linapojikunja, ilitakiwa iwepo nukta ya kijani inayowaka. Haikuwepo.

Kazi yangu ni kusoma masikio. Kila kiumbe anayesikia ana jeni ambayo sisi watafiti pale Kituoni tulizoea kuiita Fundi. Siku ya tano au ya sita ndani ya yai la kuku, Fundi anaamka na kuanza kuzigeuza seli za kawaida kuwa seli zenye vinyweleo, zile zinazotikisika sauti inapoingia. Asipoamka, sikio linajengeka lote, mifereji yake na mizunguko yake, ila halitasikia kamwe. Ni nyumba iliyokamilika ambayo haikuunganishiwa umeme. Rangi yetu huwaka kijani pale tu Fundi anapokuwa kazini, kwa hiyo msomaji akiona kijani anajua huyu atasikia.

Na kufuli ya kumzuia Fundi asiamke niliitengeneza mimi, Tusekile Mwanjali, kwa miaka saba.

Niliitengeneza kwa ajili ya kwelea. Asiyewahi kuona wingu la kwelea likishuka kwenye mpunga wa Usangu asinihukumu haraka. Miaka mitatu mfululizo walikuwa wamekula bonde zima, wakaacha mabua. Tulipanga kuwaachia madume elfu arobaini, waliotiwa kufuli kwa kirusi baada ya masikio yao kukamilika, wakajichanganye na wenzao. Watoto wao wangezaliwa viziwi, wasiijue sauti ya mzazi katika kundi la mamilioni, na dume kiziwi asiyejua kuimba hapati jike. Kufuli ingejirithisha kupitia majike kizazi hadi kizazi, na baada ya misimu miwili mitatu bonde lingepumua. Sikuona aibu kwa hilo. Watu walikuwa wanalala njaa.

Ila mbele ya wakulima mia nne wa skimu ya umwagiliaji nilishika kipaza sauti nikasema kufuli hii haiingii kwa ndege mwingine yeyote, iwe njiwa, kanga au kuku. Nilipigiwa vigelegele. Sheria nayo ilitaka ushahidi: mayai ya kuku yakae chumba kimoja na kwelea wetu, na kila wiki msomaji ayafungue na kusoma. Masikio yakiwaka yote, msomaji anaweka kiganja kwenye bamba la lango, mwakilishi wa wakulima anaweka chake, na vizimba vinafunguka. Kiganja kimoja hakitoshi.

Kufungua kulipangwa siku hiyo hiyo, saa kumi jioni. Kwelea wa ng'ambo ya mto walikuwa wanajenga viota wiki ile. Tukipitwa na wiki ile, tungengoja mwaka mzima.

Niliokota ganda la yai la kumi na tisa nikaligeuza. Lilikuwa na mstari wa mkaa.

Aliyefuga kuku nyumbani anaujua mstari huo. Unayachora mayai uliyomwekea kuku ayaatamie, ili akitaga jingine usilichanganye. Mayai ya kampuni hayaji na mkaa. Nilipekua trei yote: mayai thelathini, kumi na mawili yana mkaa. Nikayafungua yaliyobaki. Yale kumi na manane ya kampuni yaliwaka kijani bila kasoro. Kati ya yale ya mkaa, saba yalikuwa giza.

*

Mzee Ngailo alikuwa nyuma ya jengo akisugua trei. Yeye ndiye mtunza mayai wetu tangu Kituo kijengwe, mtu wa makamo, mpole, ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja.

"Shikamoo, Mzee Ngailo."

"Marahaba, dokta. Mbona rangi imekupotea?"

Nikamwonyesha ganda. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyefumaniwa kwenye kosa dogo.

"Ah, hayo. Wiki iliyopita barabara ilikatika, gari la pili la mayai halikufika. Trei ingekuwa pungufu, na tarehe ya leo ingeharibika. Nikamnyang'anya kuku wangu aliyekuwa ndio kwanza ameanza kuatamia. Nikasema kuku ni kuku."

"Kuku wako wanakula nini, mzee?"

Akaendelea kusugua trei iliyokwisha kuwa safi.

"Mzee Ngailo, nakuuliza."

"Pumba," akasema. "Na maganda."

"Maganda gani?"

"Ya kwelea, dokta. Yale mnayoniambia nikachome. Gunia zima kila wiki linakwenda motoni, na kuku wangu wanataga mayai laini kama ngozi. Mke wangu anayaanika, anayatwanga kwenye kinu, anachanganya na pumba. Si ndivyo tulivyofanya siku zote? Ganda la yai ndiyo dawa ya kuku."

Ni kweli. Bibi yangu alifanya hivyo hivyo, mama yangu pia. Tuliandika kurasa tisini za tahadhari, tukafikiria upepo, maji, chawa wa ndege na wezi, na hakuna hata mmoja wetu, wote tuliolelewa kwenye nyumba zenye kuku, aliyefikiria kinu cha mama. Nilitaka kumfokea nikashindwa, maana aibu ilikuwa yangu zaidi.

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi cha mwaka jana."

"Nipeleke kwako."

*

Nyumbani kwake ni mwendo wa robo saa kwa pikipiki. Mkewe alitukaribisha, akaniletea kigoda, akaanza kulalamika kabla sijauliza kitu.

"Hawa vifaranga wa safari hii ni wakaidi, dokta. Sijapata kuona. Mama yao anawaita kwenye chakula, nusu wanakuja, nusu wanamtazama tu. Nimewachoka."

Tetea mwekundu alikuwa uwanjani na vifaranga kumi na mmoja. Nilipiga makofi. Sita waliruka. Watano waliendelea kudonoa vumbi kwa raha zao. Nikajisogeza nyuma ya wale watano, nikapiga tena, karibu kabisa na migongo yao, hadi viganja vikaniwasha. Hakuna aliyegeuka.

Kisha kivuli kikapita uwanjani.

Tetea alitoa ule mlio mkali anaoutoa akimwona mwewe. Sita walikimbia kama waliovutwa na kamba, wakajichimbia chini ya mbawa zake. Watano walibaki juani. Tetea aliita tena, na tena, akatoka mbio na wale sita wakaanika migongo, akarudi, akatoka tena, hajui awafunike wapi. Mke wa Ngailo alirusha ndala. Mwewe alishuka nyuma ya banda, akainuka na kifaranga, na wale wanne waliokuwa kando yake hawakuinua hata vichwa.

Machozi yalinitoka. Mke wa Ngailo aliniangalia kwa mshangao, maana mtu mzima halii kwa ajili ya kifaranga.

"Mayai ya kuku hawa mnampa nani?" nikamuuliza.

"Ya kula wenyewe, mengine nawapelekea majirani. Mitetea miwili nimempa dada yangu, na jogoo kaenda kwa mchungaji." Akanitazama mimi, akamtazama mumewe. "Kwani wana nini?"

Ngailo alikaa chini palepale vumbini. Alikuwa ameshaelewa.

*

Mkurugenzi wetu, Dokta Haule, alinisikiliza akiwa amesimama dirishani. Si mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu watu baadaye walimsema sana. Mwaka ule alikuwa amekwenda mazishi matatu ya watoto waliokufa kwa kukosa chakula, na kwenye kila mazishi alisimama akasema Kituo kinafanya kila njia.

"Trei ya kisheria ni ipi?" akauliza nilipomaliza.

"Unamaanisha nini?"

"Yale ya kampuni. Mayai ya Ngailo hayakuruhusiwa kuwemo. Yatoe. Yaliyobaki ni kumi na manane, kima cha chini kwenye sheria ni kumi na matano. Yote yanawaka. Umesoma mwenyewe."

"Dokta, nimeona vifaranga viziwi kwa macho yangu."

"Umeona vifaranga wa mtu aliyevunja utaratibu, akawalisha kuku wake maganda ya kwelea mwaka mzima. Huko porini nani atatwanga maganda kwenye kinu?"

"Kwelea akifa shambani kuku anamdonoa. Kila kuku wa bonde hili anafanya hivyo. Kuku hatahitaji kinu."

Alikaa kitini akajishika kichwa.

"Basi sikia na upande wa pili, Tusekile. Ukisema leo, lango halifunguki, mpunga wa mwakani umekwenda. Na haiishii hapo. Kesho watakuja watu wa mifugo na magunia, watachinja kila kuku kwenye vijiji sita. Hawa watu wamebakiwa na nini kingine? Mpunga hakuna, kuku hakuna. Ngailo ataozea jela. Ukinyamaza, tunapata mwaka wa kupumua, na katika mwaka huo wewe mwenyewe unatengeneza ufunguo wa kufungua kufuli. Unaweza. Hakuna mwingine anayeweza."

Nilijua naweza. Hicho ndicho kilichoniumiza. Katika miaka miwili, labda mitatu, ningeweza kuandika kitu cha kumwamsha Fundi tena ndani ya kuku. Na kuweka kiganja kwenye bamba kusingekuwa uongo. Kumi na manane yaliwaka. Ningesema "yamewaka yote" nikiwa nimesema kweli tupu.

"Saa tisa na nusu tunatoka," akasema Haule. "Nawa uso."

Niliosha uso. Nikaliangalia koti langu jeupe kwenye kioo, nikafikiria jinsi watakavyonipigia vigelegele kwa mara ya pili, na nikiri tu: nilivitamani. Nilitoka chooni nikiwa nimeshaamua kuweka kiganja.

*

Vizimba vilikuwa kwenye ukingo wa mashamba, safu ishirini, na kelele za kwelea elfu arobaini zilikuwa zinaumiza meno. Watu walijaa tangu saa nane. Kina mama wengine walivaa vitenge vipya.

Mama Lusungu, mwenyekiti wa skimu, alikuwa tayari kwenye lango. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, na ndiye aliyewashawishi wenzake watupokee wakati wengi walitaka kutufukuza. Aliweka kiganja chake kwenye bamba bila kungoja hotuba. Taa ya kwanza ikawaka.

"Haya, mwanangu," akaniambia. "Weka mkono tukalale."

Nilinyoosha mkono. Bamba lilikuwa na joto la jua. Kiganja changu kilikuwa juu yake, hakijagusa, ndipo akasema kwa sauti ya chini, ya kwangu mimi peke yangu:

"Nilikuwa naogopa, unajua? Ila ulipotuambia pale mkutanoni nikasema huyu ni mtoto wa wakulima, huyu hawezi kutudanganya."

Sikuwa nimepanga. Mkono ulirudi wenyewe.

"Mama, kufuli imeingia kwa kuku."

Haule alilitaja jina langu mara moja, taratibu. Sikugeuka. Nilikuwa nimepewa kipaza sauti kwa ajili ya hotuba ya furaha, nami nikakitumia kusema yote: mayai saba, vifaranga watano, mwewe. Nilisema maganda yalitoka Kituoni na kwamba kosa la kutofikiria kinu ni langu. Jina la Ngailo sikulitaja, lakini alikuwepo kwenye umati, na watu walio karibu naye walianza kusogea kando.

Kelele zilizuka. Mwanamume mmoja alipiga kelele kwamba tufungue hivyo hivyo, kuku si kitu, yeye hana hata kuku. Wengine wakamuunga mkono. Wakaanza kusukuma kuelekea vizimbani. Mtu alinirushia donge la udongo likanipata begani. Nikaangukia magoti.

"Nyamazeni!" Mama Lusungu alipaza sauti mara moja tu. Wakanyamaza, wakabaki kwelea peke yao. Alichuchumaa mbele yangu.

"Nasikia wanasema nikulazimishe uweke mkono. Ningeweza. Niangalie. Hiyo jeni, huyo fundi wenu, yuko kwa ndege tu?"

"Hapana, mama. Yupo kwa kila mwenye masikio."

"Hata watu?"

"Hata watu. Anafanana karibu herufi kwa herufi."

Kisha akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha kabisa:

"Mke wa Ngailo anamletea mwanangu mayai. Kila Jumamosi, tangu mimba ikiwa changa. Alimwambia mtoto atakuwa na nguvu. Sasa ni miezi saba. Huyo mtoto anasikia?"

Sheria, kurasa tisini, miaka saba. Nilivipekua vyote kichwani. Tulijaribu panya kwa wiki kumi na hawakuambukizwa. Hatukuwahi kujaribu kwa muda mrefu zaidi, na tuliwadunga kwenye damu, hatukujaribu kwa chakula. Ningeweza kumwambia habari za panya. Zingemtuliza.

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui."

Aliinuka. Akaweka kiganja chake kwenye bamba kwa mara ya pili, na taa ikazimika. Hakuhutubia. Alimwambia Haule, "Ndege wako waue leo, sisi tukiona," naye Haule akatikisa kichwa kukubali, mdomo wazi. Aliwaambia watu kila mwenye kuku akawafungie bandani na asimpe jirani yai. Watu walibaki wamesimama muda mrefu. Mwanamke mmoja mwenye kitenge kipya alianza kulia kwa sauti, akiuliza mwakani watoto wake watakula nini. Ndani ya vizimba gesi ilianza kuingia safu ya kwanza, kisha ya pili.

Mama Lusungu alinishika mkono, akaninyanyua kutoka chini, na hakuuachia.

"Twende," akasema. "Utamwambia mwenyewe."

*

Lusungu alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, amenyoosha miguu iliyovimba, anasuka ukili. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye uso wa mama yake. Alitabasamu alipotuona, akadhani tumekuja na habari njema za lango.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilianza vibaya, nikaanza na Fundi na seli, mama yake akanikata: "Sema kwa kifupi." Nikasema kwa kifupi. Nikamwambia inawezekana kabisa mtoto hana tatizo lolote, na inawezekana analo, na kwamba Jumatatu nitampeleka mjini apimwe, na hata huko huenda wasituambie lolote hadi azaliwe. Nikamwambia kwamba ikiwa mtoto hasikii, niliyefanya hivyo ni mimi.

Aliuweka ukili chini. Mikono yake ilikwenda tumboni, ikakaa pale.

"Mayai yale," akasema.

"Ndiyo."

"Na mpunga?"

"Hatukufungua."

Alimtazama mama yake, mama yake akaangalia pembeni. Kisha akanigeukia. Hakuwa analia. Alikuwa ananichunguza kama mtu anayetaka kuelewa hesabu ambayo mwalimu ameiruka.

"Lakini ungenyamaza," akasema. "Ungeweka mkono ukaenda zako. Mtoto angezaliwa kiziwi, ningesema ni Mungu. Mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Hata mama asingejua."

"Hakuna ambaye angejua."

Aliendelea kuniangalia. Mama yake alikuwa ametugeuzia mgongo, mabega yakitikisika. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kwa hilo, na nadhani nililitaka.

Lusungu alivuta miguu yake iliyovimba, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka ikapatikana nafasi kwenye mkeka.

"Kaa," akasema. "Anza upya. Anza pale kwa Fundi, na safari hii usiruke kitu."